Kipande cha Tishu kama Hati ya Kihistoria: Maradhi ya Korodani mjini Morogoro

Makala haya yanachunguza nafasi ya madaftari ya maabara ya patholojia katika kuandika historia ya maradhi ya korodani. Hoja kuu ni kwamba madaftari hayo huhifadhi maradhi yaliyopasuliwa na kupelekwa kupimwa, wala si yote yaliyowasumbua wanaume.

Mfano ulio wazi ni busha. Mwaka 1877 Patrick Manson, akiwa Amoy nchini China, aligundua kuwa vimelea vya filaria hukua ndani ya mbu. Afrika Mashariki ilipata kitengo cha utafiti wa filaria mjini Mwanza mwaka 1949. Minyoo hiyo ikiharibu mishipa ya limfu, maji hujikusanya kati ya tabaka mbili za utando unaozunguka korodani. Mbu aina ya Culex huzaliana katika vyoo vya shimo na maji machafu yaliyotuama. Hivyo kata za mjini kama Mwembesongo humfaa kuliko vijiji vya baridi vilivyo juu katika Milima ya Uluguru.

Hata hivyo, tabibu huweza kulitambua busha kwa kulipapasa na kulimulika tochi, na upasuaji wake hukamilika pasipo lazima ya kupeleka nyama maabara. Uvimbe mgumu unaoshukiwa kuwa saratani ndio unaotiwa katika fomalini, ukagandishwa katika nta, ukakatwa vipande vyembamba na kusomwa kwa hadubini. Kifua kikuu cha korodani nacho huweza kudhaniwa saratani hadi tishu isomwe. Mtafiti anayehesabu sampuli peke yake ataikuza saratani, ilhali saratani ya korodani ni adimu zaidi kwa Waafrika kuliko kwa watu wa Ulaya ya kaskazini. Aibu nayo huchuja ushahidi hata kabla ya kisu.

Suala hili linagusa sera. Mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha, ulioanza mwaka 2000, hugawa ivermektini na albendazoli ili kukata maambukizi. Busha lililokwishakua huhitaji upasuaji. Mahitaji yakikadiriwa kwa sampuli za tishu, mwenye busha hatahesabiwa. Kwa hiyo daftari la maabara halina budi kusomwa sambamba na daftari la chumba cha upasuaji na masimulizi ya wazee.