Kumpeleka Kijana Kukiona Chuo Kikuu: Mwongozo wa Safari, Malazi na Chakula

Katika Kitabu cha Tobiti, mzee Tobiti hamtumi mwanawe Umedi kwa pupa. Kwanza anamwagiza atafute mwenzi wa safari, anauliza ukoo wa mwenzi huyo, kisha wanapatana ujira wa kila siku pamoja na matumizi ya njiani. Ndipo baba anatoa baraka. Mzee yule alikuwa kipofu na maskini, lakini alijua kwamba sala na hesabu huenda pamoja.

Sisi wachungaji hatukulikumbuka hilo sikuzote. Miaka kadhaa iliyopita tulimwandikia barua kijana mmoja wa parokia yetu aliyekwenda kukiona chuo kilicho mbali. Tuliweka mhuri, tukamwombea, tukadhani tumemaliza. Hatukupiga simu kule alikokwenda. Alifika Ijumaa usiku, paroko mwenyeji akiwa kigangoni, na ofisi za chuo zikiwa zimefungwa hadi Jumatatu. Alilala stendi, na fedha alizotunziwa kwa malipo ya awali ya chumba zikaishia kwenye chakula cha siku tatu. Alirudi akisema chuo si cha watu kama yeye. Kosa halikuwa la kijana, lilikuwa letu. Kwa sababu hiyo tunaandika mwongozo huu.

Tutatumia mfano wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania (SAUT), kilichopo Malimbe, jijini Mwanza. Ni chuo cha Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1998 juu ya msingi wa chuo cha zamani cha Nyegezi. Msafiri wetu atatoka Morogoro. Anayekwenda kwingine atabadilisha majina ya mahali, lakini utaratibu ni uleule.

Wakati wa kwenda

Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka mwezi Julai, na madirisha ya udahili hufunguliwa baada ya hapo kwa ratiba ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Anayetaka kuona kabla ya kuchagua aende mapema, wakati wanafunzi bado wapo chuoni, maana majengo matupu hayasemi mengi. Siku ya kutembelea iwe kati ya Jumanne na Alhamisi. Piga simu ofisi ya udahili wiki moja kabla, uulize kama siku hiyo ni ya kazi, kama kuna mitihani, na nani atakupokea. Andika jina lake.

Njia

Kutoka Morogoro hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 900, kupitia Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga. Kuna namna mbili za kuupanga mwendo huu.

Ya kwanza ni basi la moja kwa moja kutoka Msamvu. Ni rahisi kupanga, lakini mabasi yanayotoka Dar es Salaam asubuhi hufika Mwanza usiku. Anayeichagua awe na mwenyeji atakayempokea stendi, aliyethibitisha kwa simu.

Ya pili ni kwenda Dodoma kwa treni ya umeme, kulala huko, kisha kupanda basi la alfajiri kwa takribani kilomita 700 zilizobaki. Gharama ya malazi ya usiku mmoja huongezeka, lakini basi lisipopata hitilafu msafiri hufika jioni, si usiku wa manane. Kwa binti anayesafiri na mama yake tu, tunashauri njia hii.

Kata tiketi yenye jina lako na kiasi halisi cha nauli, kwenye ofisi ya kampuni au kwa simu. Usikate kwa mpiga debe. Nauli za juu hupangwa na LATRA, hivyo unaweza kuuliza kabla. Tena, hakikisha basi linashusha stendi ya Nyegezi. Stendi ya Nyamhongolo iko upande mwingine wa jiji, barabara ya Musoma, na anayeshukia huko atalivuka jiji lote kurudi Malimbe. Kutoka Nyegezi chuo si mbali, hivyo hakuna haja ya kwenda kulala katikati ya mji.

Malazi

Tafuta kitanda kabla ya kukata tiketi. Muulize paroko kama anafahamu nyumba ya watawa, kituo cha kichungaji au hosteli ya jimbo inayopokea wageni karibu na chuo. Barua ya utambulisho ni nzuri, lakini si nafasi ya kulala. Paroko apige simu, apate jibu, na msafiri apewe jina na namba ya atakayefungua mlango. Ukipokelewa na familia ya jumuiya, usiende mikono mitupu. Kilo mbili za mchele wa Morogoro zitasema shukrani vizuri.

Ukilala gesti, chukua kitambulisho, omba stakabadhi, na ukague kitasa na chandarua kabla ya kulipa. Mzazi na kijana walale jengo moja. Asitumwe binti kulala kwa mtu ambaye familia haimfahamu, hata kama anajitambulisha kuwa muumini.

Chakula

Hoteli za njiani huuza ghali, na muda wa kula ni mfupi. Funga chakula kisichoharibika upesi: viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai ya kuchemsha ya kuliwa siku hiyohiyo, maandazi, karanga, ndizi. Beba maji ya kutosha.

Ukiwa Mwanza, mlo wa mchana uliwe mahali wanafunzi wanapokula, kwenye kantini au kwa mama lishe. Hapo utaona kama ni ugali kwa dagaa au wali kwa sato, na utajua mwanafunzi hutumia kiasi gani kwa siku. Zidisha kwa siku za mwezi. Hesabu hiyo itakusaidia kuliko maelezo mengi, maana hata mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hulazimika kuupangilia. Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa, wala kijana asiogelee ziwani, kwa sababu ya kichocho.

Fedha

Gawa fedha katika mafungu manne: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, malazi na chakula, na akiba ya dharura. Nauli ya kurudi isiguswe kwa sababu yoyote. Fedha zote zisikae mfuko mmoja wala kwenye simu moja. Ada haisafiri mfukoni: hulipwa benki kwa maelekezo rasmi ya chuo. Atakayejitokeza stendi akidai anaweza kukulipia au kukupatia nafasi, mwachie barabara.

Siku ya chuoni

Anzeni ofisi ya udahili, kisha maktaba, madarasa na mabweni. Ulizeni mabweni yanachukua nani, na chumba cha kupanga nje ya chuo ni shilingi ngapi, maana wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Ingieni kanisani, muulize ratiba ya Misa na viongozi wa TMCS, jumuiya ya wanafunzi Wakatoliki. Mwacheni kijana azungumze na wanafunzi peke yake kwa saa moja. Yapo maswali asiyouliza mbele ya mzazi.

Neno kwa jumuiya

Mtakatifu Augustino, somo wa chuo hicho, alikatishwa masomo akiwa na umri wa miaka 16. Baba yake, Patrisi, hakuwa tajiri, na mwaka mzima ulipita akikusanya fedha za kumpeleka Karthago. Ni katika mwaka ule wa kukaa bure Augustino aliiba mapeari pamoja na wenzake, jambo alilolijutia baadaye. Kijana anayekwamishwa na fedha hasimami mahali pamoja.

Hivyo safari hii si mzigo wa familia moja. Jumuiya inaweza kuchangia nauli, mwanafunzi wa zamani anaweza kuwa mwenyeji, na paroko anaweza kupiga simu. Kijana yule wetu alikwenda tena mwaka uliofuata, safari hii akiwa na mjomba wake na kitanda kilichothibitishwa. Leo ni mwalimu. Tunamshukuru Mungu, na tunawaomba msisubiri safari ya pili ndipo mjipange. Mtakatifu Rafaeli, mwenzi wa Tobia, awaongoze vijana wetu kwenda na kurudi salama.