Chombo cha Kazi Uwanjani: Hoja juu ya Mbio za Magari na Chukudu za Butembo

Wapo wasomi wanaodhani kwamba mchezo ni tunda la utajiri na wasaa, na kwamba miji ichumayo riziki yake kwa taabu, kama Butembo na Beni mkoani Kivu ya Kaskazini, Kongo, haina haja ya kuutafuta mpaka kwanza ishibe. Tarikhi ya mbio za magari ya kawaida viwanjani yaikanusha dhana hiyo, kwani yadhihirisha kwamba mchezo huo ulizaliwa kazini, mikononi mwa watu wa kazi, na kwamba hadhi yake ilitokana na hadhira iliyoshuhudia na daftari lililoandikwa kwa insafu.

Katika milima ya kusini mwa Marekani, miaka ya 1930 na 1940, vijana waliosafirisha pombe ya magendo usiku waliyatengeneza upya magari ya kawaida ili yawashinde mbio askari wa ushuru. Na siku wasizokuwa safarini wakashindana wao kwa wao. Bill France, mwandalizi wa mbio, aliyakusanya mashindano hayo chini ya chama cha NASCAR mwaka 1948, na mwaka uliofuata uwanja wa Bowman Gray mjini Winston-Salem, ambao ulijengwa kwa ajili ya mpira wa Kimarekani, ukaanza kupokea mbio za kila juma, katika njia ya robo maili iuzungukayo uwanja wenyewe.

Walakini uwanja peke yake hauleti haki. Tarehe 1 Desemba 1963, katika mbio za NASCAR mjini Jacksonville, Wendell Scott, mtu mweusi aliyepata kuwa fundi na dereva wa teksi, aliwapita wenzake wote. Lakini aliyetangazwa mshindi ni Buck Baker, mzungu, ilhali Scott alikuwa mbele yake kwa mizunguko miwili kamili. Scott akadai hesabu irudiwe, na baada ya saa kadhaa, hadhira ikiwa imekwisha tawanyika, waamuzi wakakiri kwamba ushindi ni wake. Kombe lenyewe hakulishika hata akafariki mwaka 1990. Jamaa zake ndio waliokabidhiwa kombe jingine badala yake, mwaka 2021. Hesabu ya mizunguko ndiyo iliyokuwa wakili wake pekee, na pasipo hesabu hiyo dhuluma ingalibaki kuwa tarikhi.

Tuurejee sasa mkoa wetu. Chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kisukumwacho kwa mguu, kilichoenea Kivu ya Kaskazini katika miaka ya 1970, huchongwa kwa mkaratusi. Magurudumu yake ya mbao huvishwa ukanda wa tairi kuukuu. Juu ya ubao hupigiliwa kipande cha mpira ili goti la msukumaji lisichubuke, na nyuma huwekwa kingine, kikanyagwacho juu ya gurudumu kuwa breki. Kwa chombo hicho kijana huteremsha viazi, kuni au makaa, kilo mia kadhaa kwa safari moja, na katika mteremko hana budi kujua ni wapi aachilie, wapi akanyage, na wapi aelemee upande mmoja ili mzigo usimpindue. Hayo ni maarifa ya dereva wa mashindano kwa kila hali. Goma imeyatukuza kwa sanamu ya rangi ya dhahabu tangu mwaka 2009. Lakini sanamu huheshimu kundi zima, ilhali daftari humheshimu mtu kwa jina lake.

Huenda nikaambiwa kwamba nchi iliyosumbuliwa na mauaji ya Beni tangu mwaka 2014, kisha Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, haina nafasi ya mbio. Najibu kwamba mbio za kwanza za magari ya kawaida nchini Uingereza zilifanyika katika uwanja wa New Cross, London, tarehe 16 Aprili 1954, wakati nyama ilikuwa bado ikigawiwa kwa kadi kwa sababu ya vita vilivyopita. Watu hao hawakungoja kushiba. Fauka ya hayo, ushindani usiopewa uwanja haufi, bali hubaki barabarani, miongoni mwa malori na watoto wa shule.

Kwa hiyo yafaa Butembo na Beni zitenge siku ya chukudu uwanjani, kwa mzigo wenye uzito mmoja na mizunguko ihesabiwayo na makarani wawili mbele ya watu. Na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoko Butembo tangu mwaka 1989, kihifadhi daftari la hesabu hiyo, lenye jina la mwendeshaji na la fundi aliyeichonga chukudu yake.