Wachawi wa Salem na Hukumu ya Watazamaji

Julai 1993 kampuni ya Disney ilitoa sinema ya kuchekesha iitwayo Hocus Pocus. Wachawi watatu, ndugu wa tumbo moja, walionyongwa Salem, Marekani, mwaka 1693 kwa kunyonya uhai wa watoto, wanafufuka baada ya miaka 300. Wahakiki wengi waliiponda, na kumbini haikuvuma. Lakini watoto walioiona kwenye runinga, Oktoba baada ya Oktoba, walitoa hukumu yao. Kwao Bette Midler, na meno yake yaliyochomoza, alitisha na kufurahisha kwa pamoja. Wakakua, wakawaonyesha wana wao, hata mwaka 2022 ikatoka sehemu ya pili.

Kicheko hicho sikikatai. Wahakiki walikosa sikio la kitoto. Ila katika Salem ya kweli, mwaka 1692, walinyongwa watu 19, na mzee Giles Corey akakandamizwa kwa mawe hadi kufa. Hapana hata mmoja wao aliyekuwa mchawi. Sinema imeugeuza ushahidi: walionyongwa wana hatia kweli, na wanyongaji wametoka safi. Sijui mtazamaji gani, kati ya vicheko, huliwazia hilo.

Mwaka huohuo wa 2022 bunge la Massachusetts lilimsafisha Elizabeth Johnson, aliyehukumiwa kifo mwaka 1693 ingawa hakunyongwa. Waliompigania ni wanafunzi wa shule ya kati ya North Andover pamoja na mwalimu wao, watoto wa rika lile lile la watazamaji.