Kukosoa Dini na Udhibiti wa Mtandao: Funzo la Bonde la Ufa

Mamlaka ya kufunga tovuti kwa sababu ya mafundisho ya dini hayafai kukabidhiwa kamati ya serikali. Uamuzi huo ni wa mahakama. Naijenga hoja hii juu ya historia ya Nakuru na Bonde la Ufa la kati, kwa kuwa huku sauti za kidini zilizohesabiwa kuwa hatari ndizo zilizosema kweli.

Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki alikuwa askofu Mkatoliki wa Nakuru kuanzia 1971 hadi 1996. Aliupinga uchaguzi wa mlolongo wa 1988, mwaka ambao jarida la Beyond, la Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilipigwa marufuku kwa kuuanika uchaguzi huo. Mapigano ya kikabila yalipofika Molo na Burnt Forest mwaka 1992, alitamka wazi kwamba serikali ilikuwa na mkono. Padri John Kaiser naye alikuwa Maela, karibu na Naivasha, wakimbizi wa ndani walipotimuliwa Desemba 1994. Mwaka 1999 aliwataja vigogo mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano hayo. Agosti 2000 maiti yake ilikutwa kando ya barabara ya Naivasha kwenda Nakuru, na mwaka 2007 mahakama ilikataa dai kwamba alijiua. Utawala wa enzi hiyo ulihubiri amani, upendo na umoja. Mkosoaji alichukuliwa kuwa mvunjaji wa yote matatu.

Tarehe 15 Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018. Yanairuhusu kamati ya kitaifa kuagiza tovuti ifungwe ikiwa inaeneza ugaidi, ponografia ya watoto au mienendo ya kidini iliyopindukia. Ugaidi una mipaka inayojulikana kisheria. Kupindukia katika dini kunapimwa na nani? Kwa mizani ya watawala wa 1992, Ndingi mwenyewe alikuwa amepindukia.

Wanaoitetea sheria hutaja Shakahola, na wana haki ya kuitaja: zaidi ya miili 400 ilifukuliwa huko Kilifi kuanzia Aprili 2023. Lakini mhubiri wa Shakahola, Paul Mackenzie, alikuwa amekamatwa na kushtakiwa miaka kadhaa kabla ya makaburi hayo kugunduliwa. Serikali ilimjua, sheria za kumzuia zilikuwepo, na kilichokosekana ni ufuatiliaji. Vivyo hivyo, sisi tulioyaona machafuko ya baada ya uchaguzi ya 2007 na 2008 hatuhitaji kuambiwa uchochezi unaua. Ndiyo maana Kifungu cha 33 cha Katiba hakiulindi. Kinachonyimwa ulinzi hapo ni kuchochea madhara, si kuamini au kukosoa.

Kwa hiyo napendekeza Bunge lirekebishe kipengele hiki: amri ya kufunga tovuti itolewe na jaji, baada ya mwenye tovuti kusikilizwa, kwa sababu zinazochapishwa na kwa muda maalumu. Viongozi wa dini nao wakubali kuhojiwa kuhusu sadaka, miujiza na urafiki wao na wanasiasa. Kanisa lililopata heshima kwa kuwakosoa watawala halina msingi wa kudai kinga dhidi ya waumini wake.