Maharage na kunde za kiangazi: panda mapema, uwahi baridi

Bukene, wilayani Nzega, mvua huanza Novemba na kwa kawaida hukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei. Baada ya kuvuna mpunga, wengi wetu huweka jembe chini hadi msimu ujao. Lakini udongo mweusi wa mbugani hubaki na unyevu kwa wiki kadhaa, na penye kisima karibu, bustani ndogo inaweza kuipa familia mboga ya kiangazi na mbegu za Novemba. Katika makala haya tunaeleza namna ya kufanya hivyo.

Kwa nini tarehe ni muhimu

Maharage hayapendi joto. Likipita nyuzi 30 wakati wa maua, maua hupukutika na mmea hubaki majani matupu. Juni na Julai usiku una baridi, ila Septemba na Oktoba ni joto kali. Maharage mafupi huchanua takriban siku 35 hadi 45 baada ya kupandwa. Kwa hiyo ya Mei hadi katikati ya Juni huchanua kwenye ubaridi, na ya Agosti huangukia kwenye joto. Ukichelewa, panda kunde, maana zinastahimili joto na ukame. Aina za Fahari, Tumaini na Vuli 1 zilitoka kituo cha utafiti cha Ilonga, Kilosa.

Kupanda

Chimba kina cha shubiri moja, chukua udongo uukamue. Ukishikana kama tonge, panda. Ukimomonyoka, mwagilia kwanza. Acha sentimita 50 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo, kina cha sentimita 4 hadi 5. Kunde zinazotambaa zipe sentimita 75 kati ya mistari. Tandaza mabua ya mpunga ili unyevu usipotee, na palilia juu juu kuziba nyufa za udongo.

Kutunza

Kama maji ya kisima ni machache, yaweke kwa ajili ya wakati wa maua na wa kujaza maganda. Mwagilia asubuhi, kwenye shina. Kagua chini ya majani kila baada ya siku chache. Ukiona vidukari (wadudu mafuta) wachache, waondoe kwa mkono au kwa maji ya sabuni. Zungushia miba mapema, kwa sababu baada ya mavuno mifugo huachiwa mashambani, na mbuzi humaliza bustani kwa asubuhi moja.

Majani ya kunde ni mboga, na yakichemshwa na kukaushwa huwa nsansa. Tenga mistari ya kuchuma majani, na mingine iachie mbegu.

Kutunza mbegu hadi Novemba

Fukusi huanza kutaga mayai kwenye maganda yakiwa bado shambani, basi vuna mara tu yanapokauka. Anika hadi punje ing'atwe na kukatika kwa mlio, bila kuacha alama ya meno. Chagua zisizotobolewa, uziweke kwenye mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa (PICS), au kwenye dumu kavu lililojazwa hadi juu na kufungwa kabisa. Fukusi waliomo hukosa hewa wakafa. Usifungue mpaka siku ya kupanda.