Mali Bila Daftari

Mama yangu ana kopo la biskuti ambalo sijawahi kuona biskuti ndani yake. Lina hati za mshahara, zimefungwa kwa mpira mwaka kwa mwaka, na karatasi nyingine ambazo sisi watoto tulizoea kuziita takataka za mama. Amefundisha shule za binafsi kwa karibu miaka thelathini. Alipokaribia kustaafu aliomba taarifa ya michango yake, akakuta pengo la miezi kumi na minne. Shule moja aliyowahi kufundisha ilikuwa ikimkata kila mwezi, lakini fedha hazikufika zilikotakiwa kufika.

Hakupiga kelele. Alifungua kopo, akahesabu hati kumi na nne, akazitoa nakala, akaanza safari za kwenda na kurudi. Ilichukua miezi saba pengo lile kuzibwa. Siku ilipokwisha nilimuuliza, "Mama, na kama usingekuwa nazo?"

"Ningekuwa mwongo, mwanangu," akasema. "Umri wangu wote darasani, na ningeonekana mwongo."

Jibu lile ndilo lililonipeleka kusoma historia ya pensheni. Nilidhani ningekuta historia ya fedha, nikakuta zaidi historia ya karatasi: nani aliandikwa, na nani hakuandikwa.

Tuanzie Ujerumani, maana huko ndiko serikali ya kwanza ya kisasa ilikotunga sheria ya kuwalipa wafanyakazi uzeeni. Ilikuwa Juni 1889, chini ya Kansela Otto von Bismarck. Mfanyakazi alichangia, mwajiri akachangia, serikali ikaongeza chake. Umri wa kulipwa uliwekwa miaka 70, na haukushushwa hadi 65 mpaka mwaka 1916. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi yake, na michango ilionyeshwa kwa stempu zilizobandikwa juu ya kadi hiyo. Stempu zikijaa, kadi ilihifadhiwa na nyingine ikaanza. Bibi wa kiwandani akifika uzeeni, alikuwa na ushahidi wa ujana wake.

Mwaka uleule wa 1889, dola ileile ilikuwa pwani yetu ikipigana na watu waliokataa utawala wake. Tarehe 15 Desemba, Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani. Sisemi kwamba mambo haya mawili yalisababishana. Nasema tu kwamba yalitoka kwenye serikali moja katika mwaka mmoja, na mtu wa Hamburg na mtu wa Pangani walijifunza mambo tofauti kabisa kuhusu serikali hiyo.

Kadi ilifika na kwetu, lakini ilikuwa kadi ya namna nyingine. Chini ya Wajerumani, kisha Waingereza, kibarua wa shambani alipewa kipande. Kwa kawaida kilikuwa na nafasi za siku thelathini, na kila siku aliyomaliza kazi iliwekewa alama. Siku zikitimia alilipwa, akaanza kipande kipya. Kwenye mashamba ya mkonge wafanyakazi waliotoka mbali waliitwa manamba, kwa sababu walijulikana kwa namba. Ukitazama kwa haraka, kipande na kadi ya Mjerumani vinafanana, kwani vyote vilihesabu jasho. Tofauti ni kwamba kadi moja ilikumbuka miaka arobaini na nyingine ilisahau baada ya mwezi. Utawala uliamini kwamba mzee wa Kiafrika angerudi kijijini na kulishwa na shamba na watoto wake. Kwa hiyo mshahara ulipangwa kumtosha kijana mmoja kwa leo, na uzee wake ukaachiwa ukoo.

Halafu ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Waingereza walikusanya mamia ya maelfu ya wapagazi kubeba chakula na risasi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na mahali walipowekwa Dar es Salaam pakaitwa Kariakoo. Tunapita hapo kila siku kununua viatu na simu. Ujira wa wengi waliokufa haukumfikia mjane wala mtoto, kwa kuwa jina lilikuwa limeandikwa vibaya, au kijiji hakikuandikwa kabisa. Wamebaki na soko lenye jina la kazi yao, bila majina yao wenyewe.

Upande wa Wajerumani, askari wa Paul von Lettow-Vorbeck waliweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Walikuwa wakidai mishahara. Miaka ya 1960, Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha kwa ajili ya askari hao waliokuwa bado hai. Kuna kisa kinachosimuliwa mara nyingi kuhusu malipo hayo. Inasemekana afisa wa benki alifungua ofisi ya muda Mwanza, wakajitokeza wazee karibu 350, na wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Basi yule afisa akamkabidhi kila mzee ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani atekeleze amri za gwaride. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Watu hukisimulia kisa hiki wakitabasamu, na mara ya kwanza mimi pia nilitabasamu. Kisha nikamfikiria mama yangu amesimama ofisini bila kopo lake, akiambiwa, haya, tufundishe kidogo tuone kama kweli ulikuwa mwalimu. Ikiwa kisa ni cha kweli, wazee wale walilipwa kwa sababu miili yao ilikumbuka kile ambacho karatasi zilisahau. Ikiwa kimetiwa chumvi, bado kinaeleza vizuri hali ya mtu asiye na hati: heshima yake inategemea mtu mwingine aamue kumwamini.

Uhuru ulileta daftari jipya. Mwaka 1964 ilitungwa sheria ya Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi, uliojulikana kwa herufi NPF. Haukuwa mfuko wa pensheni. Ulitunza akiba ya mtu, kisha ukamrudishia kwa mkupuo pamoja na riba. Kiswahili kina neno zuri kwa malipo ya namna hiyo: kiinua mgongo. Ni kama kumwambia mtu, umeinama vya kutosha, simama sasa. Tatizo ni kwamba miaka ya 1980 bei zilipanda kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka. Akiba haiozi, tunasema, lakini ile iliyoandikwa kwa shilingi ilioza, na mgongo haukuinuka. Sheria ya 1997 ndiyo iliyougeuza mfuko huo kuwa NSSF, unaolipa pensheni ya kila mwezi kwa aliyechangia angalau miezi 180.

Wakati huohuo kulikuwa na kundi lililofanya kila kitu sawasawa. Wafanyakazi wa reli, bandari, posta na ndege wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikuwa na ajira rasmi, namba na majalada. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Makubaliano ya kugawana mali na madeni baina ya Kenya, Uganda na Tanzania yalitiwa saini Arusha mwaka 1984, baada ya usuluhishi mrefu wa Mswisi Victor Umbricht. Lakini kwa wastaafu wa Tanzania madai yaliendelea hadi mahakamani, na makubaliano na serikali yakaja mwaka 2005, miaka 28 baada ya kuvunjika. Hata baada ya hapo wengine hawakuridhika, na wazee wenye mvi wakafunga barabara jijini Dar es Salaam wakiwa na bahasha zao mikononi. Methali inasema mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wale walikuwa na daftari. Kilichotoweka ni aliyeliandika.

Kizazi chetu kilianza kuzungumzia pensheni mwaka 2018, mifuko ya watumishi wa umma ilipounganishwa kuwa PSSSF na neno kikokotoo likaingia kwenye kila daladala. Tufanye hesabu, kwa sababu wengi tulibishana bila kuifanya. Mchukue mtumishi ambaye wastani wa mshahara wake ni shilingi milioni moja na amechangia miaka 30. Kwa kanuni ya zamani ya baadhi ya mifuko hiyo, angelipwa nusu ya mafao kwa mkupuo: shilingi milioni 62, kisha takriban 333,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya 2018, mkupuo ungeshuka hadi asilimia 25, yaani karibu milioni 23.3, na pensheni ya mwezi ingepanda hadi takriban 465,500. Watu walikasirika, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akaisimamisha. Mwaka 2022 ikawekwa asilimia 33, na mwaka 2024 ikapandishwa hadi 40 kwa waliokuwa kwenye kundi la nusu. Mtumishi wetu sasa angepata mkupuo wa karibu milioni 37.2 na takriban 372,000 kwa mwezi.

Wataalamu walishangaa kwa nini watu wang'ang'anie mkupuo wakati pensheni ya mwezi inaongezeka. Ukiwa umesoma historia hii, hushangai. Anayetaka fedha zake zote leo ameshasikia habari za mfuko ulioliwa na bei na za jumuiya iliyovunjika. Anataka nyumba, kwa sababu nyumba haihitaji kanuni mpya. Lakini naye aliyependelea pensheni ya mwezi alikuwa na hoja: mkupuo huvuta ndugu, na bati la nyumba haliliwi.

Kuna mfano mmoja unaonipa moyo. Tangu Aprili 2016 Zanzibar humlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70, awe alikuwa mwalimu, mvuvi au mchuma karafuu. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapanda hadi 50,000. Ni fedha ndogo. Lakini mzee haulizwi alimfanyia nani kazi, anaulizwa tu ana miaka mingapi na anaishi wapi. Mpagazi wa Kariakoo angeweza kujibu maswali hayo mawili.

Nilimweleza mama haya yote jioni moja akiwa anapanga upya kopo lake. Sasa anafuga kuku, anaimba kwaya bila kuwahi vipindi, na kila mwezi ujumbe wa benki ukiingia huusoma kwa sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na wewe? Lako liko wapi?"

Sikuwa na la kujibu. Naandika kwa malipo ya kazi moja moja, nahariri, natafsiri. Fedha huja kwa simu na kuondoka kwa simu. Hakuna anayenikata, kwa hiyo hakuna anayenidhulumu. Lakini pia hakuna popote palipoandikwa kwamba nimefanya kazi. Nina miaka ishirini na tisa, na karatasi zangu ni chache kuliko za manamba.

Mama alichukua mpira mmoja kutoka kwenye kopo, akanipa. Wiki iliyofuata nilijiandikisha kuchangia kwa hiari. Mchango wangu wa kwanza ulikuwa shilingi 30,000. Risiti nimeichapisha, na nimeifunga kwa mpira ule, ingawa ipo moja tu.