Chungu cha Bomani

Baba yake bibi aliingia boma la Wajerumani la Tabora kuwa askari, akiwa na jina la Kinyamwezi. Alipotoka, watu walimwita Ramadhani. Bibi alipokuwa akinisimulia alikazia jambo moja: hakuna Mjerumani aliyemwambia asilimu. Kilichomsilimisha ni chungu cha chakula.

Kamanda wa Kijerumani Wissmann alipokuja pwani mwaka 1889 kupambana na Abushiri, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani, alileta askari wapatao 600 wa Kisudani aliowaandikisha Cairo. Hao ndio waliokuwa wakongwe wa kambi. Vyeo vyenyewe vilikuja nao: ombasha, shaushi, efendi. Mila za kambi nazo zikawa zao. Vijana wa Unyamwezi na Usukuma walipoanza kuandikishwa, walikuta kambi ina wenyewe.

Mwezi wa kwanza, alisema bibi, baba yake alichinja mbuzi kwa nia njema kabisa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kibudu hicho! Akala peke yake, nyuma ya nyumba, siku tatu, huku watoto wa askari wakimchungulia na kumwita mshenzi. Kijana asiyetahiriwa hakuwa na wa kula naye, wala wa kumtafutia mchumba. Mwaka haukuisha: tohara, shahada, kanzu. Wamisionari walilalamika kwamba boma la serikali yao wenyewe linaeneza Uislamu, lakini maofisa walitaka askari anayetii tu.

Mpaka mwaka 1908. Barua iliyosemekana kutoka Makka ilizagaa Lindi, ikihimiza waumini watubu. Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilikuwa vimezimwa juzi tu, na maofisa wakaingiwa na hofu: askari akiitwa na dini, bunduki yake itaelekea wapi? Sala ambayo hakuna aliyekuwa akiijali ikawa jambo la kuchunguzwa. Miaka sita baadaye Khalifa wa Istanbul, mshirika wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akatangaza jihadi, na serikali ileile ikaitangaza kwa Waislamu wa koloni lake.

Nani alikuwa huru hapo? Mimi namlaumu zaidi aliyeiogopa dini ya askari jana na kuitumia leo. Wale Wasudani angalau walimpa baba yake bibi ndugu wa kula nao.

Aliporudi kwao, hakula tena nyama iliyochinjwa na kaka zake. Wao walibatizwa baadaye, wakazikwa misheni. Yeye yuko ng'ambo ya barabara, ameelekezwa Kibla.